Amani ya kudumu kati ya mataifa: dhana potofu ninazozisikia mezani pa mpima ardhi

Ofisi yangu ya upimaji iko Ngamiani, mjini Tanga, na wateja wengi wanaonijia huletwa na migogoro ya viwanja. Mteja huingia na hati iliyokunjwa mara nne, akaeleza namna jirani yake alivyong'oa bikoni, yaani jiwe la alama ya mpaka, na kupanda minazi ndani ya eneo lisilo lake, na nikimshauri wakae kwanza mbele ya mwenyekiti wa mtaa kabla ya kukimbilia Baraza la Ardhi, hunijibu: “Mzee wangu, mataifa makubwa yenye maprofesa yameshindwa kuishi kwa amani, sembuse mimi na huyu?” Juma lililopita nililisikia jibu hilo mara tatu kwa siku moja. Wateja wangu siwalaumu, lakini wanalolichukulia kuwa ukweli si ukweli, na kwa kuwa sehemu ya ujana wangu niliitumia katika kazi za mipaka ya nchi, siwezi kuendelea kulinyamazia.

Nianze na lile linalonikera kuliko yote.

“Amani ya kudumu ni pale mataifa yanapokuwa hayana ugomvi, na kwa kuwa ugomvi hauishi, amani hiyo haiwezekani.”

Kosa limo katika nusu ya kwanza ya sentensi hiyo. Hakuna mataifa mawili jirani yasiyogombana, na hakuna mtu anayeifahamu kazi hii ambaye amewahi kuahidi kwamba yatakuwepo. Jambo linaloweza kupatikana, na ambalo limekwisha kupatikana mahali pengi, ni mataifa kugombana kwa miaka nenda miaka rudi bila hata upande mmoja kufikiria kupeleka jeshi. Ukimwelewesha mtu hivyo, mjadala mzima hubadilika.

Tazama Sweden na Norway. Vita vyao vya mwisho vilikuwa mwaka 1814. Mwaka 1905 Norway ilipojitoa katika muungano wao chini ya mfalme mmoja, pande zote mbili ziliweka askari tayari, na palikuwa na watu waliotaka damu imwagike. Badala yake wajumbe walikutana mjini Karlstad, wakakubaliana kwamba ngome zilizokuwa mpakani zivunjwe na kwamba liwepo eneo la mpakani lisilokaliwa na jeshi. Ugomvi ulikuwa mkubwa kabisa, maana nchi moja ilikuwa inavunja muungano na nyingine, lakini vita havikuwepo.

Argentina na Chile nazo, mwezi Desemba 1978, zilifikia hatua ya kusogeza majeshi kwa sababu ya visiwa vitatu vidogo katika Mlango wa Beagle, kule kusini kabisa mwa bara lao. Uamuzi wa wasuluhishi ulikuwa umetolewa mwaka mmoja kabla, na Argentina ilikuwa imeukataa. Papa Yohane Paulo II akamtuma Kardinali Antonio Samorè, mazungumzo yakachukua miaka, na tarehe 29 Novemba 1984 nchi hizo zikatia saini mkataba ulioviacha visiwa hivyo kwa Chile. Nawaomba wateja wangu waitazame miaka hiyo sita. Visiwa havikuhama mahali pake, na tamaa ya kuwa navyo haikuisha siku moja. Kilichotokea ni kwamba njia ya kuongea iliendelea kuwa wazi hata pale uamuzi wa kwanza ulipokataliwa.

Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wetu na Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Serikali zilibishana juu ya ndege, reli, meli na madeni, mpaka makubaliano ya kugawana mali yakapatikana mwaka 1984 kwa usuluhishi wa Mswisi, Victor Umbricht. Ulikuwa ugomvi mchungu, wenye matusi redioni na familia kutengana, na sisi wa Tanga tuliuonja kuliko wengi kwa kuwa Horohoro, kituo cha mpakani na Kenya, ni mlangoni petu. Hata hivyo nchi hizi mbili hazikupigana. Na Malawi tunabishana juu ya Ziwa Nyasa, kwa sababu ya tafsiri ya mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890. Suala hilo halijamalizika hadi leo, na wavuvi wanaendelea kuvua.

Kwa hiyo swali la maana haliwi tena “je, wamemaliza ugomvi?” bali “je, wanautunza mpaka, na wamekubaliana ugomvi ukitokea upelekwe wapi?” Hapa naomba uvumilivu wa msomaji, maana ninaingia katika fani yangu.

Marekani na Kanada zina mpaka wa kilomita 8,891, na watu husema kwamba mpaka huo una amani kwa sababu watu wa nchi hizo wanafanana. Wachache wanafahamu kwamba kwa mkataba wa mwaka 1925 ipo tume ya kudumu ya nchi hizo mbili ambayo kazi yake ni kutengeneza maelfu ya alama za mpaka na kufyeka, katikati ya misitu, ukanda wenye upana wa mita 6, mita 3 kila upande, ili mstari uonekane. Watu wanaamka asubuhi na misumeno na vyombo vya kupimia, mwaka baada ya mwaka, katika mpaka usio na ugomvi wowote mahali hapo. Nikiulizwa amani ya kudumu inafananaje, nawataja watu hao, kwa sababu msitu haungoji ugomvi ndipo uote. Ushauri wangu kwa serikali yoyote ni ule ule ninaompa mwenye kiwanja: tengenezeni alama wakati mnasalimiana, msingoje wakati mmekwisha kununiana.

Nilipokuwa kijana nilikuwa katika kikundi kilichokuwa kikikagua alama za mpaka na Kenya upande wa Jasini. Mstari wenyewe ulichorwa na Uingereza na Ujerumani katika makubaliano ya Novemba 1886, kuanzia kwenye mdomo wa Mto Umba, ukawagawa Wadigo na Wasegeju pande mbili bila mtu yeyote kuwauliza. Alama moja tuliikuta ndani ya kichaka, nguzo fupi ya saruji iliyomeguka pembe, na juu yake mama mmoja alikuwa ameanika makopa. Alipotuona na majembe alishtuka, akauliza: “Wanangu, mnaling'oa jiwe?” Tulipomwambia tunalisafisha ili lionekane, alikusanya makopa yake kwenye ungo bila haraka, akasema afadhali, kwa kuwa dada yake ameolewa Vanga, ng'ambo ya Kenya, na kila jiwe linapopotea ndipo askari wa pande zote wanapoanza kuwasumbua. Nimesoma mengi tangu siku ile, lakini sijapata maelezo mafupi kuliko hayo kuhusu kazi ya jiwe la mpaka.

Mfano wa kinyume ni Ethiopia na Eritrea. Zilipigana kuanzia 1998 hadi 2000, na makumi ya maelfu ya watu wakafa, huku mji mdogo wa Badme ukiwa ndio kiini cha madai. Mkataba wa Algiers wa Desemba 2000 uliunda tume ya mpaka, na Aprili 2002 tume hiyo ikatoa uamuzi ulioiweka Badme upande wa Eritrea. Kisha kazi ikakwama. Mawe hayakusimikwa, na mwishoni mwa 2007 tume ikatangaza mpaka kwa orodha ya viwianishi tu, yaani namba kwenye karatasi, halafu ikafunga kazi yake. Kwa mpima hilo ni jambo la kuhuzunisha sana: mstari ulikuwa umepatikana kwa gharama ya maisha ya vijana wengi kiasi hicho, na haukushushwa ardhini. Nchi hizo zilikaa bila vita na bila amani hadi Julai 2018, na hata baada ya hapo wasiwasi umeendelea kurudi.

Baadhi ya wateja wenye kusikiliza redio hunikatiza hapo na kunitajia Ukraine. Wana haki ya kuuliza. Urusi iliahidi kuheshimu mipaka ya Ukraine katika hati ya Budapest ya Desemba 1994, ikatia saini mkataba wa mpaka mwaka 2003, na bado ikaitwaa Krimea mwaka 2014 na kuivamia nchi nzima mwaka 2022. Mtawala aliyekwisha kuamua kuvamia hazuiwi na jiwe wala saini. Lakini mwizi mmoja kuvunja mlango hakuthibitishi kwamba milango haina kazi, na sijaona mtu aliyeing'oa milango ya nyumba yake baada ya kusikia kwamba jirani ameibiwa.

“Binadamu ameumbwa kupigana.”

Binadamu anaweza kurusha ngumi baa bila kupangiwa na mtu. Vita vya mataifa vinahitaji bajeti, amri, mafuta, chakula cha askari na sababu ya kuwaambia wananchi, na vyote hivyo huamuliwa na watu mezani. Sweden na Denmark zilipigana vita vingi kwa karne nyingi hadi mwaka 1814. Tangu mwaka 2000 zinaunganishwa na daraja la Øresund, ambalo watu hulivuka kila asubuhi kwenda kazini. Maumbile ya watu wale hayakubadilika.

“Mkataba ni karatasi tu.”

Anayesema hivi mjini Tanga ana historia ya kujitetea nayo. Mwezi Agosti 1914, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza, palikuwa na makubaliano ya hapa hapa kati ya Waingereza na Wajerumani waliotutawala ya kutoshambulia bandari hii, na tarehe 2 Novemba meli ya kivita ya Kiingereza, Fox, ikaja kutangaza kwamba makubaliano hayo hayapo tena. Siku zilizofuata askari takriban 8,000 walioletwa kutoka India walipambana na askari takriban 1,000 wa upande wa Wajerumani, wengi wao Waafrika, wakashindwa, na mamia wakafa mahali ambapo sisi leo tunapita kwenda sokoni. Wengi wanakumbuka tu nyuki waliowashambulia askari siku ile. Mimi nakumbuka kwamba makubaliano yale hayakuwa na ridhaa ya wakuu wa jeshi la majini kule London, na kamanda wa Kijerumani mwenyewe, Lettow-Vorbeck, hakuyataka. Karatasi iliyotiwa saini na asiye na mamlaka haina nguvu hata katika mauzo ya shamba la mkonge.

Karatasi yenye mamlaka ni jambo jingine. Libya iliukalia ukanda wa Aouzou, kaskazini mwa Chad, kuanzia 1973 na kupigana na Chad kwa miaka kadhaa. Tarehe 3 Februari 1994 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba mpaka ulikuwa umekwisha kuwekwa na mkataba wa mwaka 1955, na kufikia mwisho wa Mei mwaka huo huo majeshi ya Libya yalikuwa yameondoka. Nigeria iliikabidhi Kamerun rasi ya Bakassi, hatua ya mwisho ikiwa Agosti 2008, baada ya uamuzi wa mahakama hiyo hiyo wa mwaka 2002, na ilifanya hivyo ikiwa na jeshi kubwa kuliko la mwenzake.

“Mataifa yakifanya biashara pamoja hayawezi kupigana.”

Dhana hii imeshika kasi hapa Tanga tangu ujenzi wa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, hapa Tanga. Nasikia vijana wakisema kwamba sasa vita na Uganda haviwezekani kwa sababu ya bomba. Uingereza na Ujerumani zilikuwa wabia wakubwa wa biashara mwaka 1914, na bado zilikuja kupigana hadi hapa mjini kwetu. Sisi na Uganda tulikuwa na reli moja, shirika moja la ndege na bandari za pamoja hadi 1977, na Oktoba mwaka uliofuata majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera. Biashara huongeza hasara ya vita, lakini haimzuii mtu asiyejali hasara.

Sababu ninayoiamini ya amani yetu na Uganda ni nyingine, na sielewi kwa nini haitajwi. Amin alitaka mpaka usogezwe hadi Mto Kagera, wakati mstari halali unapita kwenye digrii 1 kusini mwa ikweta. Jeshi letu liliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, na mshindi angeweza kudai ardhi kama washindi wengi walivyofanya; Ufaransa na Ujerumani ziliisogeza mipaka ya Alsace na Lorraine mara nne kati ya 1871 na 1945, na kusogezwa huko kuliacha kisasi cha vita vilivyofuata. Tanzania haikuchukua hata hatua moja ya ardhi ya Uganda. Ilikuwa imelisimamia azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika la Cairo la Julai 1964, ambalo lilizitaka nchi za Afrika ziheshimu mipaka iliyokuwepo siku ya uhuru, na baada ya kushinda ililitii azimio hilo hilo. Bomba linalokuja Chongoleani linauvuka mstari huo karibu na Mutukula, pale pale ulipokuwa kabla ya Oktoba 1978.