Mikono ya Mbele ya Pikapu Kuukuu: Maneno ya Gereji na Ukweli Wake

Datsun 720 za miaka ya 1980, Isuzu TFR za mwanzo, Peugeot 504 zilizokuwa zikiunganishwa hapa Kenya hadi 2004: magari haya bado yanabeba madafu, saruji na magunia ya viazi kati ya Mariakani, Kongowea na Likoni. Injini zake husifiwa. Kinacholaumiwa ni mbele. Usukani unatangatanga, tairi linaliwa upande mmoja, na kila shimo la barabara linaitikiwa na mlio wa chuma. Mwenye gari huambiwa chuma kimechoka, auze.

Mara nyingi chuma hakijachoka. Mikono ya saspensheni, loa-amu na apa-amu kama mafundi wetu wanavyoiita, ni vyuma vinene, na kinachokwisha ni bushi za mpira (vikombe vya mpira vinavyoshika mkono kwenye chasisi) na boljointi (viungo vya tufe vinavyoshika gurudumu) zilizomo ndani yake. Zikibadilishwa kwa utaratibu wake, mkono unarudi kazini kwa miaka. Zikibadilishwa kwa mazoea, mlio ule ule unarudi upesi, na lawama inaangukia vipuri.

"Likigonga mbele, badilisha shoku"

Kazi ya shoku ni kutuliza mdundo. Shoku iliyokufa huliacha gari likirukaruka baada ya kupita tuta. Ule mlio mkavu wa ko-ko kwenye vishimo vidogo, au mlio mmoja wakati wa kushika breki, kwa kawaida hutoka kwenye bushi au boljointi, na shoku mpya hazitaunyamazisha.

Hapa pana kosa la upimaji linalowapotosha hata mafundi wazoefu. Jeki huwekwa chini ya chasisi, gurudumu linaning'inia, fundi analitikisa na kusema boljointi ni nzima. Kwenye pikapu yenye toshenbaa, yaani fimbo ya chuma inayojisokota badala ya springi, kama Datsun 720 na TFR, gurudumu likining'inia bado ile baa inausukuma mkono wa chini, na mkazo huo unaificha nafasi iliyolegea ndani ya kiungo. Weka jeki chini ya mkono wenyewe, karibu na boljointi, tairi liinuke kidogo tu. Kisha pitisha mtaimbo chini ya tairi na ulinyanyue. Ulegevu utauona kwa macho na kuusikia mkononi. Peugeot 504 ni tofauti: haina mkono wa juu, springi na shoku vimekaa katika nguzo moja, kwa hiyo hiyo unaweza kuiinua kwa bodi na kuipima ikining'inia.

"Boljointi inatengenezeka"

Hili nalipinga mbele ya fundi yeyote. Boljointi iliyolegea hukatwa mgongoni, hutiwa kipande cha nailoni, kisha hufungwa kwa kuchomelewa. Gari linatoka gerejini kimya, na mwenyewe anafurahi kwamba ameokoa pesa. Lakini tufe lile la ndani limeshaliwa na si duara tena, grisi imeungua, na moto umeuharibu utando unaolilalia tufe. Kiungo hicho kikiachia, hakitoi onyo. Tufe linachomoka kwenye kikombe, gurudumu linalala, na dereva anabaki ameshika usukani usiogeuza kitu. Mfikirie aliye kwenye mteremko wa feri ya Likoni, amebeba mzigo, watu wakitembea kwa miguu mbele yake.

Vivyo hivyo kwa boljointi mpya inayocheza kwenye tundu lake, ikaponywa kwa kushikizwa kwa moto. Ikiwa tundu la mkono limepanuka, tafuta mkono mwingine. Na ukifunga nati ya boljointi, tundu la pini inayoizuia nati isifunguke lisipokutana na mwanya wa nati, kaza mbele kidogo hadi yakutane. Usirudishe nyuma. Pini iwe mpya.

"Choma bushi kwa gesi, itatoka yenyewe"

Itatoka, pamoja na moshi wa sumu unaovutwa na fundi na kijana wake wa mkono. Presi inafanya kazi hiyo kwa usafi zaidi. La kuangalia ni masikio ya mkono, yale yanayoshika bushi: kabla ya kusukuma, weka kipande cha bomba kati ya masikio mawili ili yasikunjamane. Masikio yakishapinda, bushi mpya haikai sawa hata ukiikaza vipi.

Ila kabla ya bushi kuna toshenbaa. Imejaa nguvu. Legeza bolti yake ya kurekebisha hadi mwisho kabla hujagusa mkono, na pima kwanza ni kiasi gani cha nyuzi za bolti kilichokuwa kimejitokeza, uandike. Tia alama baa na mahali inapoingia. Baa ya kushoto na ya kulia zinafanana kwa macho, lakini kila moja hutengenezwa kubeba msokoto wa upande wake, na kwa kawaida ina herufi ya upande kwenye ncha. Kuzibadilishana ni kualika mpasuko. Kwa Hilux za miaka ya 1970 zenye springi za koili mbele, tumia kibano cha springi. Kamba na waya havitoshi hata kidogo.

"Kaza kila kitu gari likiwa juu, ndipo ulishushe"

Kama ningeruhusiwa kusahihisha jambo moja tu katika gereji zote kuanzia Changamwe hadi Kisauni, lingekuwa hili. Linaharibu bushi nyingi kuliko barabara zetu.

Bushi ya mpira ya kawaida ina bomba la chuma ndani, bomba la chuma nje, na mpira ulioshikamana na yote mawili. Haizunguki. Bolti ikikazwa, bomba la ndani linabanwa lisisogee, na mkono ukipanda na kushuka ni mpira unaojisokota na kujisokotoa. Sasa fikiria bolti imekazwa mkono ukiwa umening'inia. Hapo ndipo mpira umepumzika. Ukilishusha gari, mkono unapanda na mpira unasokotwa papo hapo, kabla gari halijatembea hata hatua. Unalala umesokotwa, unaamka umesokotwa. Likiingia shimoni, msokoto unaongezeka juu ya ule uliokuwapo, na mpira unachanika. Mwenye gari anarudi dukani kulalamika kwamba ameuziwa bushi feki.

Njia ni moja. Ingiza bolti zote na nati zake bila kuzikaza. Shusha gari lisimame kwa magurudumu yake, kimo chake kikiwa kimeshawekwa kwa bolti ya toshenbaa, lisukume mbele na nyuma ili likae, kisha ingia chini ukaze kwa kipimo cha kitabu cha modeli yako. Pasipo na shimo la gereji, egesha magurudumu yote juu ya mbao nene. Ni kazi ya kuchafua mgongo, lakini haina njia ya mkato.

"Tia grisi, mpira ulainike"

Grisi ya kawaida na oili chafu ya injini huufanya mpira uvimbe na kuoza. Maji ya sabuni yanatosha kuingizia. Grisi ni ya boljointi zenye nipeli, yaani kichuchu cha kuingizia grisi, na ya bushi za poliyurethani (plastiki badala ya mpira), nazo zinataka ile ya silikoni. Poliyurethani yenyewe hudumu, lakini ni ngumu: mtetemo mwingi unapanda hadi kwenye usukani, na isipotunzwa hulia. Kwa pikapu ya mizigo nachagua mpira mzuri bila kusita. Mkono wa mtumba kutoka Japani nao ni chuma safi chenye mpira uliozeeka, maana mpira huzeeka hata ukikaa rafuni. Nunua, kisha badilisha bushi zake.

"Rangi ni urembo"

Si kwa Mombasa. Hewa yetu ina chumvi na unyevu mwaka mzima, na kutu hujificha pale matope yanapokaa, kwenye mikunjo ya mkono wa chini. Mkono ukishavuliwa, upigwe mchanga hadi chuma cheupe, uangaliwe nyufa kwenye masikio na kuzunguka tundu la boljointi. Kutu iliyotoboa haizibwi kwa bati. Mkono mzima upakwe rangi ya msingi yenye zinki, kisha rangi ngumu, ukiacha wazi matundu ya bushi na sehemu za kukalia shimu, vile vibati vyembamba vya kurekebisha pembe za gurudumu.

"Kaza toshenbaa, gari libebe zaidi"

Kukaza kunainua pua ya gari tu. Ugumu wa baa haubadiliki, na uzito unaoruhusiwa unabaki ule ule. Kinachobadilika ni pembe ya mikono: boljointi zinafanya kazi zikiwa zimeinama kupita kiasi, na mkono wa juu unagonga kizuizi chake kwenye kila tuta.

"Nimerudisha shimu zile zile, alaimenti ya nini?"

Kuhifadhi shimu ni vyema. Zifunge kwa waya, ukiandika za bolti ya mbele na za nyuma, za kushoto na za kulia, kwani idadi zake huweza kutofautiana. Lakini zilikuwa zikilingana na bushi zilizokwisha. Bushi mpya zinaurudisha mkono katikati, na vipimo vyote vya alaimenti, yaani pembe za magurudumu, vinahama. Shimu zikiongezwa au kupunguzwa sawa kwenye bolti zote mbili, kemba, yaani mwegemeo wa tairi ndani au nje, inabadilika. Zikitofautiana, kasta nayo, yaani mwinamo wa mhimili wa kugeuzia gurudumu mbele au nyuma, inahama. Mwambie mwenye mashine aanze na hayo mawili kwa shimu, amalizie na tairodi, vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu. Wengi hugusa tairodi peke yake kwa sababu ni haraka.

Kwa hiyo mpangilio ni kimo kwanza, bushi zikazwe gari likiwa chini, alaimenti mwisho. Toshenbaa iliyofunguliwa hushuka kidogo baada ya siku za mwanzo za kazi. Pima kimo tena, na kikihitaji kuongezwa, legeza bushi, zikaze upya, na ulirudishe gari kwenye mashine.