Bunduki ya nusu-otomatiki ya kulengea shabaha: yanayosemwa na ukweli wake

Anayetafuta bunduki ya nusu-otomatiki ya kulengea shabaha jijini Nairobi husikia ushauri mwingi kabla hajashika risasi hata moja, na sehemu kubwa ya ushauri huo hutoka kwa watu wanaotazama jina na sura ya bunduki kuliko utendaji wake. Tunazungumzia bunduki inayofyatua risasi moja kila ukivuta kifyatulio, ikatupa ganda na kujipakia nyingine yenyewe. Kuaminika kwake kunategemea vitu vitatu vinavyofanya kazi pamoja: magazini (kisanduku kinachobeba risasi), risasi zenyewe, na chemba safi, yaani nafasi iliyo nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa kabla ya kufyatuliwa. Bei inakuja nyuma sana.

"Nichague bunduki kwanza, leseni itafuata."

Ni kinyume chake. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, cheti hutangulia, nacho hutaja silaha yenyewe pamoja na idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Sheria hiyohiyo inazitaja kwa majina AK-47, G3 na MP5, pamoja na bunduki za vita zinazofanana nazo, na adhabu ya kupatikana nazo bila kibali ni nzito. Kwa hivyo swali la kwanza kwa muuzaji aliyeidhinishwa lisiwe bei. Muulize kama Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha hupitisha bunduki ya umbo na kaliba (upana wa risasi) hiyo kwa mchezo wa shabaha. Usilipe hata amana kabla ya kupata jibu.

"Kaliba kubwa ndiyo bunduki ya maana."

Kwa mazoezi ya uwanjani, bunduki ya .22 LR, risasi ndogo ya bunduki, ndiyo tunayoipendekeza bila kusita. Kichwa cha kawaida cha risasi hiyo kina uzito wa gramu 2.6 hivi na hutoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 320 hadi 380 kwa sekunde. Teke lake ni dogo, na risasi zake ni nafuu kuliko za kaliba kubwa, kwa hivyo utafyatua nyingi, na kulenga hujengwa kwa kurudia. Anayeanza na bunduki yenye teke kubwa huzoea kufumba macho na kuukaza mkono kabla ya mlio. Kuiacha tabia hiyo baadaye ni kazi ngumu.

Mpaka wake nao uko wazi. Ukiirekebisha ipige katikati kwa mita 50, kwa mita 100 risasi itakuwa imeshuka sentimita 15 hadi 20, na upepo mdogo tu utaisogeza. Anayetaka kulenga mita 200 mara kwa mara anahitaji risasi yenye nguvu zaidi kama .223 Remington, ikiwa cheti chake kitaruhusu. Hapo asome maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu. Chemba ya 5.56 NATO, risasi ya kijeshi inayofanana na .223, hupokea risasi za .223 bila shida, lakini risasi za 5.56 kwenye chemba ya .223 zinaweza kupandisha shinikizo kupita kiasi. Ukubwa wa nje ni uleule, kwa hivyo risasi itaingia vizuri kabisa na macho hayatakuonya.

"Ikikwama ni mbovu."

Hapa ndipo bunduki nyingi nzuri huuzwa kwa hasara. Bunduki nyingi za .22 za nusu-otomatiki, na Ruger 10/22 iliyoanza kuuzwa mwaka 1964 ndiyo mfano unaojulikana zaidi, hazina kitasa cha kuifunga boliti, yaani kipande cha chuma kinachoziba nyuma ya chemba. Kinachoizuia ni uzito wake wenyewe na springi iliyo nyuma yake. Baruti ikiwaka, ganda husukumwa nyuma nalo huisukuma boliti. Risasi dhaifu haitoi msukumo wa kutosha, hasa zile zilizotengenezwa ziende polepole kuliko sauti: boliti hurudi nusu ya safari, ganda halitoki, na mwenye bunduki hulaumu kiwanda.

Tazama jinsi ilivyokwama kabla ya kuigusa. Ganda lililosimama kwenye dirisha la kutolea maganda likiwa limebanwa na boliti linaonyesha risasi dhaifu, masizi chembani, au ndoano ya kuvutia ganda iliyochakaa. Risasi mpya iliyogota pua kwenye ukingo wa chemba huelekeza kwenye magazini: midomo yake imepanuka au springi yake imechoka.

Kisha pima kwa utaratibu. Kila magazini iandike namba kwa rangi. Tatizo likiifuata namba 2 popote inapokwenda, weka namba 2 kando. Likizifuata zote, badilisha aina ya risasi. Likibaki, safisha chemba. Likiwa bado lipo baada ya hayo, ndipo fundi aliyeidhinishwa aangalie ndoano na springi. Wengi huanza na fundi, wakalipia kazi ambayo pakiti nyingine ya risasi ingeimaliza.

Ukivuta kifyatulio pasiwe na mlio, uache mtutu ukielekea shabaha, hesabu sekunde 30, kisha toa magazini na uvute boliti. Kwenye .22, unga unaowasha baruti umo ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, na ukikosekana pale pini ya kugongea ilipogonga, risasi haiwaki. Hatari kubwa zaidi ni mlio hafifu, wa chini kuliko kawaida. Acha kufyatua papo hapo. Kichwa cha risasi huenda kimebaki ndani ya mtutu, na risasi inayofuata inaweza kuupasua. Toa magazini, fungua boliti, hakikisha chemba ni tupu, halafu mwite msimamizi wa uwanja mhakikishe mtutu uko wazi.

"Mtutu mrefu hulenga vizuri zaidi."

Urefu huongeza kasi hadi kiwango fulani tu, na .22 hukifikia karibu na inchi 16 hadi 18. Ubora wa mifereji ya ndani na hali ya mdomo wa mtutu ndivyo huamua risasi zinatua wapi.

"Matundu matatu yamekaribiana, basi bunduki ni sahihi."

Matundu matatu yanaweza kukaribiana kwa bahati. Weka bunduki juu ya mifuko ya mchanga kwa mita 50, fyatua risasi tano kwenye kila karatasi, karatasi tano. Pima umbali kati ya matundu mawili yaliyo mbali zaidi kwa kila karatasi, kutoka kitovu hadi kitovu, halafu tafuta wastani. Rudia kwa kila aina ya risasi. Ukibadilisha aina, fyatua kama kumi bila kuzihesabu, kwa sababu nta na mabaki ya madini ya risasi ya aina ya awali bado yamo mtutuni. Wastani wa sentimita 3 kwa bunduki iliyotoka kiwandani bila marekebisho ni kazi nzuri.

"Darubini ikivuta karibu zaidi, utapiga vizuri zaidi."

Ukuzaji mkubwa hukuza pia mtetemo wa mikono yako. Muhimu zaidi ni umbali ambao darubini imepangiwa kiwandani: nyingi za .22 hupangwa kwa yadi 50, za bunduki kubwa kwa yadi 100. Ukitumia ya yadi 100 kwa mita 25, jicho likisogea kidogo, alama ya kulengea nayo itaonekana kuhama shabahani. Na matundu yakianza kutawanyika ghafla, kagua skurubu za darubini kwanza. Mara nyingi zimelegea.

"Mafuta mengi huilinda."

Mafuta mengi hushika vumbi na masizi, yakawa uji mzito kwenye njia ya boliti. Tone moja au mawili kwenye sehemu zinazosuguana yanatosha, na chemba iachwe kavu. Mtutu wa .22 hauhitaji kusuguliwa kila mara. Ukiusafisha, vuta kamba ya kusafishia kutoka chembani kuelekea mdomoni, kwa sababu fimbo ya chuma inayoingilia mdomoni hukwaruza ukingo wake na usahihi huharibika hapo. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, usiiache ndani ya mfuko wa sponji. Sponji hunywa unyevu, na kutu huanza upande uliolalia. Ikaushe, uifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, uifungie kwenye sanduku la chuma.

"Iliyotumika ni ya kuepukwa."

Bunduki ya .22 iliyotunzwa hudumu miaka mingi. Hakikisha ni tupu, kisha mulika mdomo wa mtutu uone kama ukingo una mkwaruzo. Tazama ukingo wa chemba: alama ya kina iliyochongwa na pini hufanya ganda ling'ang'anie. Hakikisha karatasi zake zinalingana na namba iliyochongwa juu yake. Kisha omba ijaribiwe uwanjani mbele ya mwenye leseni, risasi 100 za aina moja ya kasi ya juu, kupitia magazini mbili. Ikikwama mara moja, tafuta sababu. Ikikwama mara tano kwenye magazini zote mbili baada ya chemba kusafishwa, mrudishie mwenyewe.