Ukungu wa saa umeisha, maji je?

Mvua za Septemba zikishaishika Bukavu, mezani kwangu huanza wimbo mmoja: "Fundi, saa ilikuwa na ukungu, lakini maji ilishatoka yenyewe. Weka tu betri mupya." Nafungua kifuniko cha nyuma. Kijiti cha kitufe cha pembeni kimeshika kutu, betri imevuja, na mwenye saa ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeyatia. Jana nimeusikia tena, kwa hiyo leo naandika.

Maji yalitoka kupitia wapi? Hilo ndilo swali ambalo hakuna anayejiuliza. Saa ni kikebe kilichofungwa. Mgongo wake unapashwa joto na mkono wako, kioo chake kinapigwa na baridi ya nje. Huku kwetu, karibu mita 1,500 juu ya bahari, jioni ya mvua kioo kinapoa haraka, na mvuke ulio ndani hukigusa ukageuka matone. Asubuhi jua likitoka kioo kinapata joto, matone yanarudi kuwa mvuke, nawe unasema imepona. Haijapona. Maji yamehama tu kutoka kioo kwenda hewani, humo humo ndani.

Hesabu yake ni hii. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 30 hubeba mvuke usiozidi gramu 30 hivi. Ikipoa hadi nyuzi 15 hubeba kama gramu 13, na kinachozidi lazima kigeuke maji. Sasa, nafasi tupu ndani ya saa ya mkono ni kama sentimita moja ya ujazo, mara nyingi chini ya hapo. Hewa hiyo, hata ikiwa na joto la nyuzi 30, haiwezi kubeba zaidi ya miligramu 0.03. Tone moja la maji lina miligramu kama 50. Kwa maneno mengine, ikiwa limeingia tone moja tu, ukungu unaouona kwenye kioo ni sehemu ndogo mno ya maji yaliyomo. Mengine yamelala chini ya uso wa saa, kwenye viungo vya mashine, mahali ambapo macho yako hayafiki na kutu inafika.

Na kutu haingoji mshahara wa mwisho wa mwezi. Huanza na kijiti cha kitufe, kwa sababu ni chuma na kiko mlangoni pa maji, kisha skrubu, kisha springi. Kwenye saa ya betri kinachoumia zaidi ni koili, waya uliozungushwa unaoendesha mishale: waya huo ni mwembamba kuliko unywele, na ukiliwa mahali pamoja tu saa imekufa, hata ukiiwekea betri kumi. Ndiyo maana nakasirika. Saa iliyoletwa siku ile ile mara nyingi ni kazi ya kufungua, kukausha, kusafisha, kutia mafuta na kubadilisha mpira unaozuia maji kwenye kifuniko. Saa ile ile ikija baada ya wiki tatu za "ilishapona" huwa ni mashine mpya, na hapo tunaanza kugombana bei.

Kuna ukungu mmoja usio na neno, na watengenezaji wenyewe huutaja kwenye vitabu vyao vya maelezo: umetoka mahali pa joto ukaingia kwenye baridi, kioo kikapata ukungu mwepesi, ukafutika baada ya dakika chache. Huo ni unyevu wa kawaida wa hewa iliyofungiwa humo. Lakini ukikaa, ukirudi kila jioni, au ukiona matone kamili, saa ifunguliwe. Ukitaka uhakika kuna kipimo, nacho kimo katika kanuni ya kimataifa ya saa zinazozuia maji, ISO 22810: saa hupashwa joto la nyuzi 40 hadi 45, tone la maji ya kawaida huwekwa juu ya kioo, baada ya dakika moja hivi hupanguswa. Kukiwa na ukungu kwa ndani, maji yamo. Nyumbani usiipashe kwa kitu chochote. Ivae mpaka ipate joto la mkono, weka tone la maji baridi, tazama. Kipimo hicho ni hafifu kidogo, lakini ukungu ukionekana hapo, njoo.

Kuifukia saa kwenye mchele ili unyonye maji? Mchele kazi yake iko sufuriani. Saa ikiwa imefungika vizuri, mchele wa nje utanyonya nini? Na kama kweli una njia ya kunyonya, basi pana tundu, na maji ya kesho yatapita hapo hapo. Kinachobaki ni vumbi la wanga kwenye kitufe, nami ndiye ninayelifuta.

Kuianika juani au kuiweka karibu na mbabula, jiko la makaa, ni kubaya zaidi. Joto linayafanya maji kuwa mvuke unaopenya kila kona, mafuta ya mashine yanatawanyika, kioo cha saa ya namba isiyo na mishale kinageuka cheusi, na ikipoa ukungu uko pale pale.

"Imeandikwa mita 30, na mimi nilioga Kivu mita moja tu." Maandishi hayo ni ya shinikizo la maji yaliyotulia, saa ikiwa mpya kiwandani. Kwa matumizi yako mita 30 maana yake ni mvua na kunawa mikono. Ya kuogelea nayo ianzie 100, na mpira wake uwe mzima. Mpira hukauka na kupasuka kadiri miaka inavyopita, ndiyo maana mimi sifungi betri mpya juu ya mpira uliochoka. Anayetaka betri peke yake aende meza ya pili. Na maji ya moto ya kuogea, pamoja na sabuni yake, ni mabaya kuliko ziwa.

Eti Kivu si bahari, haina chumvi ya kuharibu saa. Chuma kinahitaji maji na hewa tu ili kishike kutu. Wengine wanatumbukiza saa kwenye alkoholi: inayeyusha gundi inayoshika vijiwe vidogo ndani ya saa za ufunguo, zisizo na betri. Wengine wanagandisha kioo kwa gundi ya papo hapo, kisha wananiletea "ukungu mweupe" usiotoka. Huo si maji, ni moshi wa gundi yenyewe.

Saa ikiingia maji leo na huwezi kunifikia kabla ya kesho, vuta kitufe cha pembeni mpaka mwisho ili ya betri isimame, usibonyeze vitufe vingine, uitie kwenye chupa yenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya chembe za kunyonya unyevu. Viwe vipya. Vilivyokaa mwaka mzima kwenye boksi la viatu vimeshashiba. Hiyo ni huduma ya njiani, haibadilishi kufunguliwa. Na ukifika, niambie ukweli: iliingia lini, na maji yalikuwa ya mvua, ya ziwa au ya sabuni.