Wasiwasi: neno lililoanza kama mnong'ono

Abiria yuko kwenye matatu ya asubuhi, anatoka Kasarani kwenda mjini. Ghafla anajiuliza: kwani nilifunga gesi? Anajua alifunga. Mkono unakumbuka kabisa ulivyozungusha kile kifungo. Lakini swali linamrudia Pangani, linamrudia Ngara, na akishuka Tom Mboya ameshampigia jirani simu.

Hali hiyo ndiyo wasiwasi, na neno lenyewe linajieleza kwa sauti. Limetoka Kiarabu, waswas, ambalo ni tanakali: huiga mnong'ono, hata mlio hafifu wa mapambo mwilini mwa mtu anayetembea. Litamke taratibu utausikia. Katika sura ya mwisho ya Kurani, An-Nas, ya 114, Waislamu huomba kinga dhidi ya shari ya mnong'onaji anayetia wasiwasi vifuani mwa watu, kisha akajificha. Kwa hiyo kiasili wasiwasi ni sauti ya mwingine inayokunong'oneza.

Kiswahili hakijaisahau asili hiyo. Sikiliza tunavyosema: nimeingiwa na wasiwasi, wasiwasi umenishika, usinitie wasiwasi. Katika misemo hiyo kitu kinatoka nje na kumjia mtu. (Wala lile "wa" la mwanzo lisikudanganye ukadhani ni wingi, neno hili liko ngeli ya U.)

Kwa mtu aliyesoma madrasa, awe wa Mombasa au wa Pumwani hapa Nairobi, "fulani ana wasiwasi" huweza kuwa na maana finyu zaidi: anatawadha, anashuku hakuosha vizuri, anaanza upya, mpaka wenzake wamalize kuswali. Madaktari wanaozungumza Kiarabu nao hulitumia neno hilohilo kuutaja ugonjwa wa akili unaomlazimisha mtu kurudiarudia jambo. Sisi wengine tumelipanua likameza karo, kodi ya nyumba na matokeo ya mtihani.

Lina ndugu zake. Fadhaa, pia la Kiarabu, asili yake ni hofu ya kushtuka, na mwenye fadhaa huonekana hata usoni. Jakamoyo ni neno tamu, ila naona linaishi zaidi kwenye insha za wanafunzi kuliko vinywani mwa watu. Mimi napenda tumbo joto, la magazeti yetu: mchujo wa vyama ukikaribia, wanasiasa wote wako tumbo joto. Hapo mnong'ono umeshashuka kutoka kifuani.

Cha kuchekesha ni kwamba Waswahili walimgeuza yule mnong'onaji kuwa mshauri. Jirani wa Kasarani atachungulia jikoni, atamwambia mwenzake mtungi umefungwa, kisha badala ya kumcheka atamwambia: "Si neno, jirani. Wasiwasi ndio akili."