Barafu Inayoondoka Bila Kulowesha: Kilimanjaro kwa Watoto wa Dar es Salaam

Ninapozungumza na wanafunzi wa darasa la tano hapa Dar es Salaam, huanza na swali moja: barafu ya Kilimanjaro ikipungua, huenda wapi? Mikono hunyooshwa upesi. "Inayeyuka, inakuwa maji!" Jibu hilo lina ukweli, ila linaacha nje sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Tuanzie mtaani. Mtoto aliyenunua barafu ya ubuyu kwa jirani saa saba mchana anajua kwamba kabla hajafika kona, mkono umeshalowa. Barafu ni maji yaliyo katika hali ya yabisi. Ikifika nyuzi 0 za Selsiasi na kuendelea kupata joto, inalegea na kuwa kimiminika. Kanga iliyoanikwa uani nayo inakauka kwa sababu maji yake yamegeuka mvuke, ambao ni gesi. Hapa watu wazima wengi hukosea: ule weupe unaofuka kwenye mdomo wa birika ni matone madogo sana ya maji. Mvuke wenyewe hauonekani. Upo hewani tele katika jiji letu la pwani, na ndiyo maana glasi ya maji baridi hutoka jasho nje.

Sasa fungua kabati la bibi. Vile vidonge vyeupe vya naftalini anavyoweka kati ya nguo hupungua mwezi hadi mwezi mpaka vinakwisha, lakini hakuna nguo iliyolowa. Vimetoka kwenye yabisi na kuwa gesi moja kwa moja, bila kupitia kimiminika. Barafu nayo inaweza kufanya hivyo, na juu ya Kibo, kilele kirefu kuliko vyote cha Kilimanjaro, inafanya hivyo kila siku.

Kilele cha Kibo kina urefu wa mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Kwa wastani, joto hupungua kama nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Ukianza na nyuzi 30 za Kariakoo, hesabu inakufikisha kileleni karibu na nyuzi 8 chini ya sifuri. Kule theluji huangukia theluji, ya chini inabanwa na uzito wa ya juu, hewa inasukumwa nje, na baada ya miaka mingi inakuwa barafu ngumu. Barafu ya namna hiyo ikiwa nene kwenye mteremko, huteleza polepole kama mto mzito. Ndiyo maana huitwa mto wa barafu. Mwaka 2000 wanasayansi walitoboa barafu ya Kibo na kukadiria kuwa ile ya chini kabisa ina umri wa karibu miaka 11,700.

Hewa ya kileleni ni kavu na jua ni kali. Katika hali hiyo sehemu kubwa ya barafu huruka hatua ya maji na kuwa mvuke. Nyingine huyeyuka kweli, hasa kwenye kuta zake zilizosimama wima zinazopigwa na jua. Mwaka 1912 barafu hiyo ilikuwa na eneo la kilomita za mraba zipatazo 12. Kufikia 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Dunia imepata joto, na theluji mpya juu ya mlima imepungua tangu mwishoni mwa karne ya 19. Theluji mpya ni nyeupe, inarudisha mwanga wa jua. Barafu kuukuu yenye vumbi inaunyonya, kama shati jeusi kituoni ukisubiri daladala. Mimi huumia kuona picha za zamani na za sasa zikiwekwa pamoja.

Wazazi huniuliza kama Mto Pangani utakauka barafu ikiisha. Maji mengi ya mlima ule hutokana na mvua na ukungu vinavyonaswa na msitu uliouzunguka, wala hayategemei ile barafu ya kileleni. Kwa hiyo anayekata au kuchoma msitu ule anagusa maji ya watu moja kwa moja, na jambo hili nalirudia kila ninapopata nafasi.

Kama nyumbani kuna friza, jaribuni hili. Tieni vipande vitano vya barafu katika bakuli lenye mfuniko unaobana, na vitano vinavyolingana navyo katika bakuli la wazi. Andikeni tarehe, mwombeni mama asiviguse. Baada ya wiki tatu au nne, linganisheni. Vya bakuli la wazi vitakuwa vimesinyaa na kona zake zimekuwa duara, na chini ya bakuli hamtakuta hata tone la maji.