Si kila chingamu huozesha meno

Kwenye foleni ya magari Barabara ya Thika, mchuuzi anapopitisha chingamu dirishani, mzazi huwahi kumkanya mtoto: "Hizo zitakuozesha meno!" Kwa chingamu ya sukari, ana haki. Kwa isiyo na sukari, sivyo.

Kutafuna hakuozeshi jino. Bakteria wa kinywani hula sukari na kutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayoyeyusha madini ya jino. Chingamu isiyo na sukari hutiwa vitamu vingine, kama zailitoli na sobitoli. Zailitoli bakteria hao hawawezi kuigeuza kuwa asidi; sobitoli huigeuza polepole mno. Tena kutafuna huchochea mate, na mate ndiyo dawa yenyewe: hupunguza makali ya asidi, husomba mabaki ya mandazi na chai tamu, na kulirudishia jino kalsiamu na fosfeti. Ndiyo maana chama cha madaktari wa meno cha Marekani, ambacho tangu 2007 kimeipa baadhi ya chingamu hizi muhuri wake, husema utafune dakika 20 baada ya kula.

Faida yenyewe ni ya kiasi tu. Haifikii mswaki na dawa ya meno yenye floraidi, na wanaotafuna asubuhi ndani ya matatu badala ya kupiga mswaki wanajidanganya.

Soma karatasi kabla ya kununua, maana rangi ya pakiti haikuambii kitu. Ukizidisha sobitoli, tumbo litaendesha. Na kama umefuga mbwa, usimwachie chingamu yenye zailitoli: kwake ni sumu.