Je, wajua kwa nini taa za behewa la treni ya mfano hucheza, ilhali kichwa kinakwenda vizuri?

Treni ya mfano iko juu ya reli, taa ya chumba imezimwa ili mabehewa yang'are. Kichwa kinavuta bila kusita hata mara moja, lakini madirisha ya mabehewa yanawaka, yanazima, yanawaka tena, hasa kwenye kona. Mwenye treni huwa anafungua paa, anang'oa taa, anaweka mpya. Baada ya mzunguko mmoja, mambo ni yaleyale.

Kwa sisi tunaoishi Mtwara, Lindi na Mikindani, pembeni kabisa ya bahari, ushauri wangu ni huu: taa iache kwanza. Ligeuze behewa tumbo juu, utazame magurudumu. Ugonjwa karibu kila mara uko huko. Taa ya behewa na gurudumu la behewa si matatizo mawili, ni tatizo moja lenye sura mbili, na anayelitibu kwa kununua taa atanunua taa nyingi.

Tuanze na umeme unakotoka. Mabehewa halisi ya abiria ya zamani yalikuwa na dainamo iliyozungushwa na ekseli (mhimili unaounganisha magurudumu mawili), pamoja na betri chini ya sakafu, kwa hiyo hata treni ikisimama stesheni taa ziliendelea kuwaka. Kusini kwetu nako reli ilikuwepo: ile ya upana wa mita moja iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya Mpango wa Karanga wa Waingereza, kuelekea Nachingwea, kwanza kutoka Mkwaya karibu na Lindi, baadaye na kutoka bandari ya Mtwara. Miaka ya 1960 iling'olewa. (Ukitaka kuiunda kwa kipimo cha 1 kwa 87, reli zako zitakuwa zile za milimita 12, kwa sababu milimita 1000 ukigawa kwa 87 unapata 11.5. Natamani sana mtu wa huku aifanye kazi hiyo.) Behewa dogo la mfano kwa kawaida halina dainamo wala betri. Reli mbili ndizo nyaya zake, moja chanya, moja hasi, na umeme unapanda kupitia magurudumu.

Sasa hesabu mahali ambapo umeme unalazimika kuruka kutoka chuma kimoja kwenda kingine. Kutoka reli kwenda gurudumu. Kutoka ekseli kwenda kwenye bamba jembamba la shaba linaloisugua. Kutoka bamba kwenda waya, waya kwenda taa, kisha njia hiyohiyo kurudi upande wa pili. Pale ambapo waya umelehemiwa hakuna shida. Shida iko pale vitu vinapogusana tu huku vikizunguka, na gurudumu la duara juu ya reli hugusa mahali padogo kuliko ncha ya penseli. Chembe moja ya uchafu ikikaa hapo, njia imekatika.

Kichwa kinapata uchafu huohuo, lakini kinapona kwa sababu tatu. Kina uzito, na uzito unasukuma chuma kugusa chuma. Magurudumu yake mengi hukusanya umeme pande zote mbili, moja likikosa jingine linapata. Tena vichwa vingi vina gurudumu zito ndani, lililoungwa na mota, ambalo huendelea kuzunguka umeme ukikatika kwa nukta moja. Behewa halina hata kimoja kati ya hivyo. Ni jepesi, na mara nyingi ni magurudumu mawili tu kila upande yanayochukua umeme. Kapu tupu upepo wa kusi hulipeperusha, kapu lenye korosho hutulia; ndiyo maana kulitia behewa uzito kidogo juu ya sakafu, katikati ya bogi mbili (zile fremu ndogo za chini zinazobeba ekseli), hupunguza kucheza kwa taa kabla hujafanya jambo jingine lolote.

Hapa kuna jambo linalowashangaza wengi. Ukitoa taa za zamani za nyuzi ukaweka LED, yaani vitaa vya kisasa visivyo na uzi, kucheza huongezeka. Si kwamba LED ni mbovu. Uzi wa taa ya zamani ukishapata moto haupoi papo hapo, hivyo umeme ukikatika kidogo jicho halioni. LED huzima palepale umeme unapokatika, na kila kasoro ya gurudumu unaiona. Mimi bado nashauri LED, kwani taa moja ya nyuzi inaweza kula miliampea 60 kwa volti 12, na mabehewa sita yenye taa mbilimbili yatakula zaidi ya nusu ampea, mzigo ambao vidhibiti vidogo, yaani visanduku vinavyolisha reli umeme, haviuwezi. Pia joto lake huweza kulainisha paa la plastiki. Ila ukiweka LED, ujue umejiwekea mkaguzi mkali wa magurudumu.

Na magurudumu ya pwani yana adui wa ziada. Upepo wa baharini huja na chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Gurudumu la shaba hupata utando mweusi. Ekseli ya chuma huota kutu ya rangi ya chai pale inaposuguliwa na bamba. Reli za chuma cha kawaida huharibika upesi kabisa. Bora zile za mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, ambazo huvumilia zaidi. Juu ya hayo, kila gurudumu linaporuka uchafu hutoka cheche ndogo ambayo hata huioni, na cheche hiyo huunguza mafuta na vumbi vikawa masizi. Masizi huzaa cheche, cheche huzaa masizi. Magurudumu ya plastiki hayachukui umeme, lakini hubeba uchafu na kuusambaza kwenye reli nzima, kwa hiyo behewa moja la magurudumu ya plastiki linaweza kuwachafulia wenzake wote.

Kusafisha ni rahisi. Nunua spiriti ya duka la dawa na vijiti vya pamba. Shika behewa kichwa chini, gusisha pamba iliyolowa kwenye ukingo wa gurudumu ule unaokanyaga reli, zungusha gurudumu kwa kidole. Pamba itatoka nyeusi. Rudia mpaka itoke nyeupe, kisha fanya hivyohivyo kwenye ekseli pale bamba linapogusa, mahali wanapopasahau karibu wote. Spiriti isifike kwenye rangi ya behewa wala maandishi ya ubavuni, itayafuta. Na msasa kaa nao mbali. Msasa hung'arisha siku ya kwanza, lakini mikwaruzo yake hugeuka makazi ya uchafu, na baada ya muda mfupi gurudumu huwa chafu kuliko mwanzo.

Ukishasafisha magurudumu na reli, endesha treni utazame taa zinazimia wapi. Behewa likizima popote, bila mpangilio, bado gurudumu au bamba lina kasoro. Mabehewa yote yakizima au kufifia mahali palepale kila mzunguko, ni reli, hasa viunganishi vya vipande vya reli vilivyolegea au kuota kutu. Na yakizima kwenye makutano ya njia tu, tazama pale katikati ambapo reli mbili zinavukana: makutano mengi yana kipande cha plastiki hapo, na gurudumu likikanyaga plastiki halipati kitu.

Kuna ugonjwa mwingine, mbaya zaidi ya kucheza, ambao nilishuhudia ukitibiwa kwa fundi redio wa Chikongola, hapa Mtwara. Kijana aliingia na behewa ndani ya mfuko wa rambo.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, mwanangu. Redio?”

“Hapana, ni behewa la treni. Nikiliweka relini, treni nzima inakufa. Nikilitoa, inakwenda.”

Fundi hakufungua paa. Aliweka mita yake kwenye mlio, ambapo hulia umeme ukipata njia, akagusa gurudumu la kushoto na la kulia la ekseli ya kwanza: kimya. Ekseli ya pili: kimya pia. Kijana akasema basi ni nzima. Fundi akahamisha ncha moja tu, akagusa gurudumu la kushoto la ekseli ya mbele na la kulia la ekseli ya nyuma, kwenye bogi ileile. Mita ikalia. “Umewahi kuyatoa haya?” Kijana akakubali, aliyatoa kuyasafisha.

Siri iko hapo. Kila ekseli ya chuma ina gurudumu moja lililoungana nayo moja kwa moja, na jingine lililotengwa kwa bushi ndogo ya plastiki, ili umeme usivuke kutoka reli hadi reli. Katika mabehewa mengi bogi moja huchukua umeme wa reli ya kulia na bogi nyingine wa kushoto, na ekseli zote mbili za bogi huunganishwa na bamba moja. Sharti basi magurudumu yenye bushi yawe upande mmoja katika bogi hiyo. Ekseli moja ikigeuzwa, kila moja peke yake inaonekana nzima, lakini zikiwa pamoja zinaunganisha chanya na hasi, zinapiga shoti, na kidhibiti kinajizima kujilinda. Fundi aliing'oa ekseli ya nyuma kwa kidole gumba, akaigeuza, akaibana tena. Mita ikanyamaza. Kwa hiyo kabla hujatoa ekseli, weka alama ya kalamu upande mmoja wa bogi.

Lile bamba la shaba nalo lina tabia yake. Likilegea, taa inacheza. Likikaza mno, linageuka breki: gurudumu haliviringiki, linaburutwa, upande mmoja wake unasagika na kichwa kinaanza kulemewa. Weka behewa kwenye kipande cha reli kilichoinuliwa kidogo upande mmoja. Linapaswa kuteremka lenyewe. Lisipoteremka, pinda bamba nyuma kwa kibano, kidogo sana, ujaribu tena. Mafuta usimimine hovyo. Tone la mafuta kwenye ekseli hupunguza msuguano, lakini hukusanya vumbi, na likitapakaa hadi kwenye bamba huufunika mguso uleule unaoutegemea.

Behewa likiwaka vizuri lakini linaanguka kwenye makutano, pima nafasi kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja. Kwa treni za reli ya milimita 16.5, ambayo ni upana wa reli halisi wa milimita 1435 ukigawa kwa 87, nafasi hiyo huwa takriban milimita 14.5. Joto, kuvuta kwa nguvu au bushi iliyopasuka huweza kulisogeza gurudumu. Yakikaribiana mno, ukingo wake hugonga reli ya ndani ya makutano na kupanda juu. Pima kwa kalipa sehemu tatu za mzunguko. Vipimo vikitofautiana, gurudumu limekaa upande, na litacheza na kuzimisha taa pia, kwani kila mzunguko linanyanyuka kidogo.

Jambo moja si ugonjwa kabisa. Kwenye mfumo wa kawaida, kasi ya treni huongozwa kwa kupandisha na kushusha volti za reli, hivyo treni ikipunguza mwendo taa hufifia, ikisimama huzima. Kwenye mfumo wa kidijitali, reli huwa na umeme wakati wote, na taa huwaka hata treni ikiwa imesimama.

Baada ya usafi wote huo, ukitaka taa isicheze hata nukta moja, ndipo uongeze kapasita, kifaa kinachoweka akiba ndogo ya umeme. Kwanza umeme upite kwenye dayodi nne (vifaa vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) zilizofungwa kwa mraba, ili LED iwake treni ikienda mbele au nyuma, kisha kapasita ikae sambamba na LED pamoja na rezista yake, kile kipande kinachobana umeme usipite mwingi. Kapasita ya mikrofaradi 1000, LED zikila miliampea 5, itashuka volti 4 kwa sekunde 0.8 hivi, muda wa kutosha kuvuka kipande cha plastiki cha makutano. Chagua ya volti 25, siyo ya 16, kwa sababu reli za kidijitali hubeba volti 15 hivi na ya 16 itakuwa ukingoni. Uzingatie pia upande wake hasi. Mwisho, weka rezista nyingine ya omu 100 kabla ya kapasita. Kapasita tupu hunywa umeme kwa pupa inapowashwa, na mabehewa sita yakinywa kwa pamoja kidhibiti hudhani ni shoti na kujizima. Kwa rezista hiyo, kila behewa halitavuta zaidi ya miliampea 150 hivi mwanzoni, na ndani ya sekunde moja limeshiba.